Ulimi wa Kuazimwa

Popo alikuwa msusi, na chumba chake cha kazi kilikuwa kile cha mbele katika nyumba ya baba yake, chenye mlango unaofungukia barabarani. Viti viwili vya plastiki, kigoda, kioo chenye ufa, na kamba ya kutundikia rasta. Jina la Popo alipewa na binamu zake wa upande wa baba akiwa bado mdogo, kwa kuwa popo si ndege wala si mnyama: mabawa anayo, meno anayo, na pande zote zinamkana. Binamu wa upande wa mama walipolisikia walicheka mpaka wakashika mbavu, wakalichukua vilevile. Ni jambo pekee ambalo koo zile mbili ziliwahi kukubaliana.

Baba yake alitoka kwenye kabila la watu wa kujivuna. Mama yake alitoka kwenye jingine, nalo halikuachwa nyuma kwa majivuno. Wenyewe walikutana mjini, wakapendana kwa lugha ya mjini na kuoana kwa lugha hiyohiyo. Shida ilikuwa ndugu. Shangazi, dada wa baba, lugha ya mjini aliijua barabara. Sokoni ndiyo aliyopatania bei. Lakini akishavuka kizingiti cha kaka yake, anaisahau yote. "Nyumba hii ina lugha yake," alikuwa akisema. Mjomba, kaka wa mama, naye akija kumwona dada yake anafanya hivyohivyo kwa lugha ya kwao. Watu wazima wenye mvi! Katikati yao wakamweka mtoto wa miaka sita aliyejua lugha zote.

"Mwambie mama yako," Shangazi alisema siku moja, ameegemea mlango wa jikoni, "mbwa wetu wanakula vizuri kuliko hivi."

Mtoto akamgeukia mama. "Anasema ahsante, chakula kitamu."

Mama akafurahi, akamwongezea.

Mjomba naye hakuwa na afadhali. "Waulize hawa washenzi kama wanajua kunawa." Mtoto akawageukia wa upande wa pili: "Mjomba anauliza habari za nyumbani."

Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo alivyoishi. Hakufundishwa na mtu. Aliona tu kwamba akilisema neno lilivyo nyumba itawaka moto, na akilitia sukari watu watakula na kulala. Wanasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Nyasi hizi hazikuumia tu, zilitumwa pia kupeleka salamu za fahali mmoja kwa mwenzake! Na pande zote zikamsifu, eti mtoto ana adabu, kisha zikaendelea kumwita wa kule. Adabu gani hiyo, kumgeuza mtoto jalala la maneno yenu?

Miaka ikapita, Popo akawa msusi, baba akafariki. Msiba ulipokwisha, koo zikaja kukaa kikao sebuleni. Shangazi aliitaka nyumba. Alisema irudi kwa ukoo, na ukoo maana yake ni yeye. Nyumba ile mama aliijenga pamoja na mumewe, alibeba ndoo za maji ya zege akiwa na mimba ya Popo. Ikichukuliwa, mama hana pa kulala, na Popo hana mlango wa barabarani wa kuingizia wateja. Popo akaitwa aje kutafsiri. Alikuja na chanuo mkononi, vidole vimejaa mafuta ya nywele, akasimama katikati kama alivyozoea.

Shangazi akaanza kwa lugha yake. "Mwambie mama yako afunge virago. Kaka yake amchukue, pamoja na huyu Popo wao. Damu yetu haina sura hiyo."

Popo hajafungua kinywa, Mjomba naye akatia yake. "Waambie dada yetu tutamchukua. Msichana wabaki naye. Mbegu ni yao, wavune wenyewe."

Kisha wote wawili wakamkazia macho, wanasubiri. Walisubiri aokote maneno ya kumkataa huku ayapeleke kule, aokote ya kule ayalete huku, tena kwa adabu. Haikuwapitia akilini kwamba mwenye ulimi ule ana masikio.

Hasira ikampanda Popo mpaka macho yakaona giza. Akazungumza kwa lugha ya mjini, kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Mama, Shangazi anasema ufunge virago, uniondoe na mimi, maana sina sura ya damu yao. Mjomba umemsikia mwenyewe, wewe atakuchukua, mimi hanitaki. Ndivyo walivyosema. Sijapunguza."

"We mtoto una wazimu?" Shangazi akafoka, na alifoka kwa lugha ileile ya mjini, safi, bila kigugumizi.

"Kumbe unaijua! Basi endelea nayo. Mama huyo hapo, mwambie mwenyewe. Na umwambie na habari za mbwa wenu wanaokula vizuri kuliko mapishi yake. Na wewe Mjomba, waulize hawa kama wanajua kunawa, si ndilo swali lako? Mimi si wa kule. Kule hakuna anayenijua. Nimezaliwa chumba kile pale, nimekulia hapa, na hapa ndipo kwetu!"

Shangazi akamgeukia mama, kisha akakwepesha macho. Kumtukana mtu huku unamtazama machoni ni kazi nyingine kabisa.

Mama akasimama. "Zege la nyumba hii nimelikoroga mimi. Sihami. Wifi, nenda kwako. Kaka, na wewe ahsante kwa kuja."

"Tutaonana mahakamani!" Shangazi akasema akitafuta viatu vyake mlangoni.

"Tuonane."

Walipotoka, mama akafunga mlango, akamgeukia bintiye. Uso wake haukuwa na shukrani hata chembe.

"Miaka yote ulikuwa ukiniambia anasema ahsante."

"Ndiyo, mama."

"Nikampikia. Alipougua nikamfulia mashuka. Nilimpenda yule mwanamke, unanisikia? Wewe ndiye uliyenifanya nimpende mtu anayenitemea mate. Ulinifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

"Nilikuwa nakulinda!"

"Nani alikutuma?"

"Nilikuwa na miaka sita!" Popo akapiga kelele, chanuo likamtoka mkononi. "Na wewe ulikuwa umekaa palepale! Ulimwona alivyokunja uso. Mtu mwenye uso ule unaambiwa kasema ahsante, na wewe unaamini? Kazi ile nani alinipa, mama? Nani?"

Mama akainama, akaliokota chanuo.

"Mimi," akasema. "Nilitaka iwe ahsante."

Popo alikuwa bado na hasira, na safari hii hasira ilikuwa yake mwenyewe, hakutumwa na mtu kuipeleka popote.