Kazi Kidogo Kwangu

Kuanzia Krismasi hadi karibu na masika nililala chumba kimoja na saruji. Mifuko ilikuwa imepangwa upande wa miguu ya kitanda, juu ya mbao ili isiguse sakafu, na kila asubuhi kabla sijapiga mswaki nilikuwa naibonyeza mmoja mmoja kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua maparachichi gulioni. Saruji ikikaa sana kwenye unyevu inaganda, na mlimani kwetu unyevu haukosekani. Nilisoma mtandaoni namna ya kuitunza. Kisha nikasoma sehemu nyingine iliyopinga ile ya kwanza, na usingizi ukaisha kabisa.

Mwalimu mwenzangu, ambaye tuligawana nyumba kwa ukuta mwembamba, alikuwa akinisikia. "Mwalimu," aliniambia siku moja, "si uioe tu hiyo saruji tujue moja?"

Shule yetu ni shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama iliyoko bondeni, kwenye vilima vya kati ya Butiama na Mugeta ambako watu wanalima mihogo na mtama na kuchunga ng'ombe. Walimu ni sisi wawili. Mimi ndiye kiongozi kwa sababu mwenzangu alikataa. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira ya serikali, nikaja hapa kujitolea kwa muda. Neno "muda" nililipenda sana. Hata sanduku langu sikuwa nimelifungua lote.

Watoto ni wa awali mpaka darasa la tatu, wale ambao miguu yao bado mifupi kuvuka mto masika yakianza. Vyumba vya kusomea vilikuwa viwili. Darasa la kwanza lilisomea nje, kwenye kivuli cha jabali kubwa, na jua lilivyozunguka na darasa lilizunguka, mimi nyuma yao nimebeba ubao. Halmashauri ilitupa saruji kwa sharti moja: wananchi wapandishe ukuta mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya masika, mabati yatafuata. Ukuta usipofika lenta, darasa la kwanza litarudishwa shule mama. Ng'ambo ya mto.

Sasa, msingi ulikuwepo. Fundi alikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kubeba mawe, mchanga na maji, na hilo nililiona dogo. Niliandika tangazo zuri sana. Nililifuta mara nyingi, nikawa nabadilisha "mnaombwa" na "mnatakiwa", nikaogopa "mnatakiwa" ni kali, nikaogopa "mnaombwa" ni legevu, mwisho nikaandika "mnakaribishwa wote". Nililibandika kwenye mlango wa duka, likasomwa kigangoni baada ya ibada, nikalituma na kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Alama za dole gumba zilimiminika. Mzazi mmoja aliweka na maua.

Jumamosi tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu, ambaye wiki ile hakwenda kwao, na fundi. Fundi alilala juu ya mchanga, kofia usoni, akaniomba nimwamshe wakifika.

Kilichoniumiza ni kwamba ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la mtu mmoja, niliona umati. Watu wanalima kwa mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, wanaimba, wanacheka. Nusu yao walikuwa wazazi wangu wa shule. Yule aliyeweka maua nilimtambua kwa kitenge chake.

Jumamosi iliyofuata, vilevile. Kazi nyingine kwa mtu mwingine, umati uleule, nyimbo zilezile. Fundi alikuja na mto wa kulalia.

Nilianza kutafuta sababu, na mimi nikianza kutafuta sababu huwa sikosi. Labda ni kwa vile mimi ni mtu wa ziwani. Labda nilimpita mzee fulani bila kumsalimia. Labda ile siku niliyowafokea watoto kwa kuchelewa ilifika majumbani. Nilifikiria hata suruali zangu. Mwisho nilikwenda dukani kununua sabuni, sikuwa na shida ya sabuni, nikamuuliza mama mwenye duka, ambaye mjukuu wake yuko darasa la kwanza.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Sabuni tena? Unaoga na wanafunzi?"

"Mama, nimekosea nini? Mbona watu hawaji shuleni?"

Aliniangalia. Tangazo langu lilikuwa pale pale mlangoni, mtu ameandika juu yake namba ya muuza mbegu.

"Nani alitualika?"

"Tangazo hili hapa, mama. Nimeandika mnakaribishwa wote."

"Hiyo karatasi. Karatasi inaalikaga watu? Karatasi ina sufuria?" Akageuka kwa wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Jamani, nyie mlishawahi kula kwa karatasi?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga soda.

Ndipo nilipoelezwa kwa zamu, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Tangazo ni la ofisi, na la ofisi watu wanalisikia tu kama redio. Kazi ya watu wengi inaitishwa na mji, yaani boma la mtu, lenye moto na chakula. Mwenye mji anatoka kwa miguu yake, anapita nyumba kwa nyumba, anawaambia ana kazi. Watu wanakuja, wanafanya, wanakula. Kesho wewe ukiwa na kazi, naye anakuja.

"Lakini shule ni yetu sote," nilisema.

"Ndiyo maana haina mwenyewe," alisema aliyemwaga soda. "Utakwenda kwa nani? Nani atakupokea? Shule haina mji."

Jioni nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kijana mwenye bodaboda na kauli nyingi. Nilitegemea yeye ndiye angealika. Alikuwa anafunga mnyororo.

"Mimi? Mimi mji wangu uko kule juu. Nikiwaalika wataenda kwangu, na kazi ya huko ni kubomoa choo tu." Alipangusa mikono. "Mwalimu, nani analala pale shuleni?"

"Mimi na mwenzangu."

"Mwenzako Ijumaa anashuka kwao Bunda. Nani analala pale Jumamosi?"

"Mimi."

"Basi mji ni wewe."

Nilimweleza kwamba mimi nipo kwa muda tu, sina mke, jiko langu ni la gesi lenye kichwa kimoja, na kisheria mimi si mwenye chochote pale, hata kitanda ni cha kuazima. Alisikiliza kwa heshima zote. Kisha akawasha pikipiki.

"Pita kesho baada ya kigango," alisema. "Na usiseme mambo ya halmashauri. Sema una kazi kidogo kwako. Basi."

Una kazi kidogo kwako. Nilitembea mpaka nyumbani nikijaribu kuisema. Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote nilizofundisha, na haikutaka kutoka. Neno lililonishinda ni "kwangu". Kwangu ni Buhare, pale mtaani kwetu pembeni ya mji wa Musoma, kwa mama yangu. Hapa ni kituo. Ukisema kwangu mahali, nilijiuliza, si unakuwa umeahidi kitu? Na ajira ikitoka mwezi ujao wakanipeleka mkoa mwingine, nitakuwa nimewadanganya watu?

Nyumba ya kwanza nilisema, "Jumamosi kuna kazi pale shuleni."

"Eeh," alisema baba wa nyumba. "Kwa nani?"

Nyumba ya pili nilisema, "Jumamosi tuna kazi kidogo kwetu."

"Kwenu Musoma? Mbali hivyo?"

Nyumba ya tatu alikuwa mama mmoja anamenya mihogo mlangoni. Sijui kama ni jua au ni aibu, lakini niliitoa yote kwa pumzi moja: "Shikamoo mama Jumamosi nina kazi kidogo kwangu."

Hakushangaa hata kidogo. "Marahaba. Nitakuja, mwanangu," alisema, akaendelea kumenya. "Nikujie na ndoo au na karai?"

Nilitaka kumkumbatia. Nilipita nyumba zote zilizobaki nikiimba kama kasuku, na kila mahali waliniuliza ndoo au karai.

Kisha nikakumbuka chakula. Nilimpigia mama simu Buhare.

"Umeoa?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Umealika kijiji kizima na hujaoa. Nani atasonga ugali? Wewe? Ugali wako mimi naujua, unanywewa kwa kijiko."

"Ndiyo maana nakupigia."

Nikasikia anaongea na mtu pembeni, sauti imebadilika, ina raha ndani yake: "Eti mwanangu ana mji huko milimani."

Alifika Ijumaa na dada zake wawili, masufuria makubwa waliyoyaazima kwa mpishi wa sherehe pale Iringo, unga wa mtama uliochanganywa na wa muhogo, na gunia la furu waliokaushwa, wale samaki wadogo wa ziwani wenye miiba mingi na utamu mwingi. Walitoa vitu vyangu jikoni vyote, wakaviweka nje kama vya mtu aliyehamishwa, wakapanga mafiga nyuma ya darasa. Mama aliona mifuko ya saruji chumbani, akaona na alama za vidole vyangu kwenye vumbi lake.

Jumamosi alfajiri nilisimama kwenye msingi, sijanywa hata chai. Nilikuwa na hofu mbili zinazopigana: kwamba hatakuja mtu, na kwamba watakuja wote. Fundi alifika, akaangalia mafiga yanavyofuka moshi, akaweka mto wake kando, akakunja mikono ya shati. Ndipo nikajua kuna kitu.

Walianza kutokea kwenye njia ya juu, kisha ya chini. Akina mama na ndoo za maji kichwani, vijana na toroli, wazee na nyundo za kupasulia mawe. Yule wa maua kwenye WhatsApp alikuja na kitenge kilekile. Hakuna aliyenipita bila kunishika mkono na kuniuliza, "Mwenye mji, umeamkaje?" Nilipoinama kubeba jiwe, mwenyekiti aliniondoa. Mwenye mji habebi, anazunguka na maji ya kunywa. Kwa hiyo nilizunguka na maji ya kunywa, nikawanywesha watu mpaka wakaniomba nipunguze.

Nyimbo zile zile nilizozisikia ng'ambo ya bonde zilianza hapa, na sikuelewa neno hata moja, ila mara kwa mara nilisikia "mwalimu" na kicheko kikubwa.

Saa ya kula ndipo nilipotaka kukimbia. Wafugaji wawili walichungulia sufuria.

"Huyu ni nani?"

"Furu," alisema mama yangu.

"Ananuka mpaka Mugeta. Mtu wa kazi anakula ng'ombe, mama."

"Basi keti hapo umsubiri ng'ombe wako. Wenzako wanaokula samaki watamaliza ukuta."

"Ana miiba!"

"Na wewe una meno, shemeji. Au uliyaacha nyumbani?"

Walikula. Yule wa miiba alirudi na sahani mara ya pili, amegeuza uso ili mama asimtambue, na mama akamjazia kwa kumtaja kwa sauti: "Shemeji wa ng'ombe huyo!" Mimi nilikula mwisho, kama ilivyo desturi, ukoko na mchuzi. Nilikuwa sijawahi kula kitu kitamu vile.

Siku ile ukuta ulifika madirishani. Jumamosi iliyofuata sikupita nyumba zote, nilipita chache tu, na neno likasambaa lenyewe. Mama alituma furu kwa basi, akina mama wa hapa wakasonga. Jioni fundi alimwaga zege la lenta, na mfuko wa mwisho wa saruji ukatoka chumbani kwangu, laini kabisa, haujaganda hata pembeni. Usiku huo chumba kilikuwa kikubwa ajabu.

Mhandisi wa halmashauri alikuja, akapiga picha, akagonga ukuta kwa ngumi. Alimuuliza mwenyekiti nani alihamasisha wananchi vizuri hivyo. Mwenyekiti alisema hakuna aliyehamasisha, mwalimu alikuwa na kazi kwake. Mhandisi aliandika kitu, sijui aliandika nini, na kwa mara ya kwanza sikutaka sana kujua. Mabati yalifika.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta ndani. Ilipiga bati mpaka nikaacha kufundisha, tukakaa tu tukisikiliza. Chini bondeni mto ulikuwa unanguruma, ule ambao darasa la kwanza wangekuwa wanauvuka saa ileile. Watoto walikuwa wakavu, wanajaribu kupigana kelele na bati, na walikuwa wanashinda.

Mvua ilipopungua mama mwenye duka alikuja kumchukua mjukuu wake, mfuko wa nailoni kichwani. Alisimama mlangoni, akaangalia bati, akaangalia ukuta, akaangalia viatu vyangu.

"Mwenye mji," alisema, "Jumamosi nina kazi kidogo kwangu. Palizi ya mihogo."

"Nitakuja, mama," nilisema. Nilikuwa nimeshajibu kabla sijaanza kufikiri. Kisha nikafikiri. "Ila jembe sina."

Aliwageukia watoto wote wa darasa la kwanza, kana kwamba wao ndio wa kuamua.

"Mji gani huo," aliwauliza, "hauna jembe?"