Mazoezi ya Kwenye Kiti

Kwetu mikorosho hurithiwa upande wa mama, na mjomba ndiye anayesema nani aiangalie. Ya marehemu mama iko Likunja, huko Ruangwa. Miaka yote niliyoishi Nachingwea nilikwenda kuokota mwenyewe. Msimu uliopita niliinama chini ya mti wa kwanza nikashindwa kuinuka. Mdogo wangu wa kike aliniinua kwa kunishika makwapa, kama gunia. Mjomba aliona.

"Jiangalie, mwanangu," alisema. "Mwakani ukiwa hivi, namwachia mdogo wako. Korosho hazimsubiri mtu."

Daktari akalitazama goti langu, akaniambia nipunguze uzito, nitafute kwenye simu video za mazoezi ya nyumbani, nichague ya kiwango changu. Kiwango changu! Ningekijuaje? Simu haikuulizi unainukaje kitandani.

Ya kwanza iliandikwa "kwa wanaoanza". Kijana akaanza kwa kuruka. Nikaizima kwa hasira. Ya pili nikachagua kwa macho: mwanamke mnene kuliko mimi. Nikasema, huyu mwenzangu. Mwenzangu wapi! Alichuchumaa, akainuka, akacheka, wala hakutweta. Mimi nilichuchumaa mara moja nikabaki nimeng'ang'ania mguu wa kitanda, naye ananipongeza, "Vizuri sana, mama!" Nilimtukana. Jirani akaniita kutoka dirishani, "Shoga, ngoma gani hiyo, mbona hatujaalikwa?" Tukacheka sote. Alipoondoka nililia.

Mwishowe nikaipata yangu. Mzee amekaa kwenye kiti, anainua mguu, anaushusha, anapumzika. Nilimfuata mpaka mwisho, na kesho yake, na siku zilizofuata. Goti likapunguza kuuma, sikatai. Lakini yule mzee hakuinama hata mara moja, na korosho huanguka chini. Nikatafuta ya kufuata baada ya ile. Zote zilianza na kuchuchumaa. Nikarudi kwenye kiti, nikajidanganya kwamba miguu inapata nguvu.

Mabibo yalipoiva nilikwenda Likunja. Mjomba na mdogo wangu walikuwa wameshafagia chini ya miti. Mdogo wangu akaniwekea kigoda kivulini.

"Kaa hapa, dada. Sisi tutakuletea, wewe utakuwa unatenganisha korosho na mabibo."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikataa. Nikasogea chini ya mti, nikashika shina kwa mkono mmoja, nikainama. Vidole viliishia hewani, juu kidogo ya bibo moja jekundu. Nilijikaza. Goti likakataa. Mjomba akageuza uso pembeni, kunistahi.

"Mjomba," nikasema, bado nimeshika mti, "mpe mdogo wangu."

Hakunitazama.

"Nilishampa, mwanangu. Tangu msimu ule ule."