Njia Katikati ya Mpunga

Jua halijavuka minazi, na Eliseo Magbanua yuko kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa kijiji, hapa mkoani Iloilo, anachechemea nyuma ya reki. Hafundishi mtu kucheza. Anamsaidia jirani kutandaza mpunga.

Uwanja mzima ni mpunga, goli hadi goli. Kila mavuno ndivyo hivyo. Mwenyekiti wa kijiji aliahidi sakafu ya kuanikia kabla ya uchaguzi uliopita, na kabla ya ule mwingine pia. Kilichokuja ni rangi tu: jina lake na picha yake kwenye mbao zote mbili za magoli, meno yote nje.

Eliseo, mwenye miaka hamsini na mmoja, alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa huko Manila. Goti lilipoharibika, viongozi wa timu walimpa keki na nauli ya meli. Siku hizi anaziba pancha kando ya barabara. Siku ikiwa nzuri, peso mia nne.

"Keki yenyewe waliila wao," anasema. "Mimi nilibaki na boksi."

Wanawe wawili, Ruel na Arvin, wamejifunza mchezo hapa hapa. Sharti la mavuno ni moja: chezeni mtakavyo, lakini mpira usiguse mpunga. Basi wanasimama ukingoni, wanarushiana juu kwa juu, wanafunga kutoka mbali. Kudunda mpira, hapana.

Mwezi uliopita Ruel alikwenda mjini kujaribiwa na chuo kinachosomesha wachezaji bure. Akapewa mpira, mbele yake hakuna mtu mpaka kikapuni. Akasimama. Akaanza kutafuta wa kumpasia. Wakamwambia akae benchi.

"Uwanja mweupe ule, ulikuwa unamwogopa nani wewe?" Eliseo anamtania mwanawe.

"Mama Pacita," Ruel anajibu. "Hata kule nilimwona kasimama na fagio."

Mama Pacita, mwenye mpunga, anacheka hadi anakalia gunia. Kisha kicheko kinakatika. Jumamosi hii ni jaribio la pili, na chuo kimesema ni la mwisho. Safari hii wanakwenda ndugu wote wawili.

Anainuka, anamnyang'anya Eliseo reki, anaanza kuvutia mpunga pembeni. Njia inafunguka katikati ya uwanja, upana wa mkeka.

"Mama, ukirundikana hivyo hautakauka," Eliseo anasema. "Mwenye mashine ya kukoboa atakupunja bei."

"Ananipunja hata ukikauka. Waambie wadunde! Na wewe Arvin, ukiponda punje moja nakukata sikio."

"Kata la kaka, Mama, ndilo kubwa."

Mpira unadunda. Ruel anatazama chini, miguu inasita.

"Kichwa juu!" baba anafoka. "Mpunga haukimbii!"

Ruel anainua kichwa. Anakwenda, anakwenda, hasimami, anauweka mpira kikapuni chini ya meno ya mwenyekiti. Mama Pacita anapiga reki chini kama ngoma.

Eliseo anataka wanawe wasome kwanza, kisha wacheze kwa kulipwa kama yeye, ila na cheti mfukoni goti likiharibika. Na mshahara wao wa kwanza?

"Tutamwaga zege pale nyuma, sakafu ya mpunga. Hapa pabaki pa mpira."

"Mtaandika jina la nani?" anauliza Arvin.

"La nini? Kuku watalinyea."

Anamrudishia Ruel mpira. "Tena. Mkono wa kushoto."