Muuza Sambaza Katika Mchoro wa Amani

Mama mkwe wangu ndiye aliyenisimulia kwanza. Mtafiti wa mambo ya vita na amani alikuja sokoni kwetu, karibu na mpaka, akawauliza wachuuzi: "Mpaka ukifungwa, habari munapata kwa nani?" Kila jibu alilichorea mstari, na mistari yote ikaishia kwa mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Papa, unifute!" yule mama alimwambia mtafiti, akiishika karatasi kwa vidole vyenye magamba ya samaki. "Basoda ba jeshi bakiona hii, batasema mimi ndiye mkubwa wa vita!"

"Hapana, Maman. Wewe ni daraja la amani."

"Daraja ndilo banapiga bomu kwanza!"

Mtafiti akamfuta. Mistari ikabaki inaelekea pasipo mtu.

Kesho yake asubuhi nilitaka kuvuka kwenda Bukavu. Nikaenda kumuuliza yule yule mama wa sambaza kama mpaka uko wazi.