Msomaji Mmoja wa Wamaza

Kutoka Uvira nilipanda lori la kwanza lililokuwa na nafasi juu ya magunia ya chumvi, na nafasi hiyo nikailinda mpaka Fizi. Huko barabara ilikuwa tope tupu, dereva akatuambia atangoja jua. Mimi kungoja sijui. Nikachukua pikipiki, nikabanwa kati ya mwendeshaji na robota la mitumba, tukapita Lulimba, tukapanda na kushuka vilima, tukavuka mto Luama pikipiki ikiwa imelazwa ndani ya mtumbwi kama mgonjwa. Nililala katika vijiji ambavyo majina yake niliyauliza asubuhi, wakati wa kuondoka. Nilikuwa nakwenda Lusangi kuchimba dhahabu, kama karibu kila mtu niliyekutana naye njiani.

Lusangi sikudumu. Vumbi la mashimo lilinikaa kifuani, na tayari nilikuwa nimeanza kulikumbuka ziwa la Uvira. Ndivyo nilivyo tangu ujana: nikiwa mahali nawaza nilikotoka, nikirudi nawaza nilikokuwa. Nikasogea Kasongo, nikaweka meza sokoni ya kutengeneza simu na kufunga paneli za jua. Hapo ndipo aliponikuta mama mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa shule, ambaye sasa alisimamia huduma ya maktaba ya jimbo upande wetu wa kusini. Sote tulimwita Mama Mkurugenzi. Alikuwa na vyumba vya kusomea Kasongo, Lusangi na Wamaza, kila kimoja na kompyuta zake, paneli zake na antena ya kuvuta rezo, yaani mtandao, kutoka angani. Alihitaji mtu wa kuzunguka na pikipiki na kuvitazama. Mtu wa kuzunguka alikuwa mimi.

Mwaka wangu wa pili, jimbo likatutaka tuchague kampuni. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kukusanya vitabu, majarida na kazi za watafiti, kuviweka pamoja kwenye mtandao, kisha kuiuzia maktaba ruhusa ya kuingia humo. Tatu zilitupa ruhusa ya kujaribu kiangazi kizima. Kamati ya kwetu ilikuwa ya watu watatu: Mama Mkurugenzi, mwalimu wa taasisi ya juu ya Kasongo, aliyeitwa Profesa na mji mzima, na mimi, kwa sababu ya mashine na barabara.

Profesa alitaka kampuni ya kwanza, ile kubwa, na alikuwa na haki. Wanafunzi wake walikuwa wakiandika kazi zao za mwisho kwa kunakili kazi za kaka zao, na kaka zao walikuwa wamenakili za wajomba. Kampuni hiyo ilikuwa na majarida ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasikia tu. Lakini ilikuwa na sharti: iliuza ruhusa kwa idadi ya wasomaji, na chumba chenye wasomaji wachache kiliondolewa. Chumba kikiondolewa, paneli na kompyuta zake zingehamishiwa Lusangi, penye wachimbaji wengi na rezo nzuri.

Matokeo ya majaribio yakaja. Kasongo walikuwa wengi. Lusangi walikuwa wa kutosha. Wamaza, kiangazi kizima, msomaji mmoja.

Jina lililoandikwa lilikuwa la mzee mmoja wa huko. Mzee huyo alikuwa amesoma juu ya ugonjwa wa majani ya muhogo, juu ya kondo la nyuma linalokataa kutoka baada ya kujifungua, juu ya zebaki ya wachimbaji, juu ya urithi wa wajane na juu ya kufuga samaki.

Mama Mkurugenzi alivua miwani. “Uyu muzee iko anasoma kupita wanafunzi yako, Profesa.”

“Mumupatie diplome, basi,” Profesa akasema, tukacheka. Kisha akaacha kucheka. “Lakini ni mutu mumoja, Mama. Hatuwezi kumufungia mutu mumoja antena.”

Mama alirudisha miwani machoni. Nilijua anamfikiria mlinzi wa chumba cha Wamaza, na mimi nilikuwa namfikiria huyohuyo. Alikuwa mjane aliyewahi kufundisha shule ya msingi mpaka shule ikaungua wakati wa vita. Chumba cha mbele cha nyumba yake alikitoa kwa maktaba, kitanda chake akakihamishia nyuma karibu na jiko. Tangu shule iungue hakuwa na darasa jingine ila lile.

Profesa akasema atakwenda mwenyewe. Alitaka kumwona mzee huyo. Nadhani pia hakutaka kufunga chumba cha mtu bila kumtazama usoni. Nikamchukua nyuma ya pikipiki, mkoba wake akiwa ameukumbatia kifuani, na kila tulipofika kwenye kijito aliteremka, akakunja suruali, akavuka kwa miguu huku akiniambia niendeshe polepole, kana kwamba bado yuko juu.

Tulifika Wamaza alasiri, watu wakitoka mashambani. Chumba kilikuwa kimejaa. Wengine waliketi kwenye mikeka, wengine dirishani, na nje ya mlango kinamama walikuwa wakimenya karanga. Kwenye kiti pekee chenye mgongo aliketi mzee wetu, fimbo kati ya magoti.

Mlinzi alitukaribisha, akatuonyesha mahali pa kukaa, kisha akamgeukia mzee. “Muzee, tufungue?”

“Mufungue.”

Mlinzi akaandika jina la mzee kwenye kompyuta, na neno la siri ambalo nadhani hata watoto wa jirani walilijua. Ukurasa wa Kifaransa ukafunguka. Alisoma kimya kipande kimoja, midomo ikitembea, kisha akakisema kwa Kiswahili. Mwanamke aliyeketi kizingitini akakipokea na kukipeleka nje kwa Kibangubangu. Walikuwa kwenye habari za muhogo. Mtu alikuwa amekuja na jani lenye madoa ya manjano, likawekwa karibu na picha, vichwa vikasogea.

“Uliza kama iko na dawa,” sauti ikasema kutoka nje.

“Ngoja, haijafika kwenye dawa.”

“Ya jana pia haikufika kwenye dawa.”

“Jana ulilala, weye.”

Profesa alianza kuhesabu watu kwa kidole, akaacha. Mlinzi alipokwama kwenye neno moja la Kifaransa, Profesa alimweleza. Alipokwama la pili, Profesa alikuwa ameshavua viatu na kuketi mkekani. Dawa haikuwapo. Ukurasa ulisema mmea mgonjwa ung'olewe na miche safi ipandwe, na kuhusu hilo walibishana mpaka mwanga ukapungua. Mzee alikuwa amesinzia zamani.

Mzee alipoamka, Profesa akamuuliza kwa upole, “Muzee, ni weye unasoma haya yote?”

“Miye? Miye sijui kusoma. Miye ninafungua.”

Mlinzi akatueleza, akishangaa kwamba jambo hilo lilihitaji maelezo. Wakati wa mafunzo Kasongo alisikia vizuri kwamba kila mtu aandike jina lake. Alidhani hayo ni ya watu wa mji, ambao kila mmoja husoma peke yake. “Sasa hapa, kila mutu na jina yake mbele ya muzee? Watasema maktaba inafundisha watu kukosa adabu. Mwenye kufungua ni mumoja. Wengine tunaingia nyuma yake.”

Nilitazama mikono yake wakati Profesa alipomwambia maana ya hesabu ile. Aliishika meza ya kompyuta kwa pande zote mbili, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. “Kwa hiyo tumefunga chumba sisi wenyewe,” alisema.

“Bado,” Profesa akasema.

Wakati wa kurudi, kwenye kijito cha mwisho, Profesa aliteremka, akakunja suruali. Hapo akasema, “Yale majarida, bado ninayataka.” Nikamwambia najua.

Mama Mkurugenzi aliziandikia kampuni zote swali moja: mtu anayesikiliza mnamhesabuje? Ile kubwa ilijibu kwa adabu kwamba msomaji ni yule anayeingia kwa jina lake. Ya pili haikujibu. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya maandiko ya Kifaransa. Ilitoa kisanduku kinachohifadhi maandiko chumbani, ili rezo ikikatika watu waendelee kusoma. Wao walijibu kwamba chini ya jina wataweka nafasi ya kuandika idadi ya watu waliopo.

Tulipoipigia kura hiyo ya tatu, Profesa aliinua mkono wa mwisho. “Wanafunzi watanilaumu,” alisema. Na walimlaumu. Mwaka ule aliyetaka majarida makubwa alisafiri mpaka Kindu, makao ya jimbo, kuyasoma.

Nilifunga visanduku vyote vitatu. Vilikuwa vyema, havikuharibika, na taratibu nikaona siku zinapita bila mtu kuniita. Jioni nilianza kuota harufu ya dagaa wanaokaushwa kando ya ziwa. Mama Mkurugenzi aliniangalia nikifunga mkoba, akasema tu kwamba alishangaa nilivyokaa muda wote ule.

Niliondoka Kasongo juu ya pikipiki ya kukodi, kwa njia ileile niliyokuja nayo, na Wamaza ilikuwa njiani. Mlinzi hakukubali nipite bila kula. Alinipakulia wali na sombe ya majani ya muhogo, mwendeshaji wa pikipiki naye akapata sahani yake. Tulipomaliza, watu walikuwa wameanza kuingia. Mzee alikuwa amekwenda matangani kijiji cha pili. Mlinzi akapitisha macho chumbani: wasichana, vijana, kinamama wa rika lake. Yakanifikia mimi.

“Leo mukubwa ni weye, baba. Tufungue?”

Sikuwahi kuulizwa hivyo mahali popote. Nikasema, “Mufungue.”

Akaandika jina langu, akahesabu vichwa, akaandika na idadi. Ilikuwa habari ya mabwawa ya samaki. Nilisikiliza hadi mwendeshaji alipopiga honi mara ya pili. Nikainuka taratibu, nikamwonyesha mlinzi kwa mkono asisimame, na yeye akaitikia kwa kichwa bila kukatiza sentensi. Nilipokwisha kupanda pikipiki, alikuwa bado anasoma.