Makizari wa Chumba cha Shefu

Katika hom yetu ya Majengo, yaani nyumba wanamolala wanafunzi wa chuo, mtu anayelala chini katika chumba cha mwenzake bila ofisi kumjua anaitwa makizari. Ni Kifaransa kilichochakaa: mpiganaji anayejificha msituni. Wanafunzi walilisema neno hilo kwa utani. Mimi kila nilipolisikia, nilitazama mlango.

Na sikuwa hata mwanafunzi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, nikaanza kutembea: Butembo, Kibati kwa wachoma makaa, kisha Lac Vert kwa wavunja mawe. Ni huko nilikokutana na yule ambaye baadaye angekuwa shefu wa hom, yaani kiongozi wa wanafunzi wake, amekuja na wenzake kusoma miamba ya volkano. Nilimuuliza kwa nini jiwe moja lina vitundu na lingine halina. Akajibu, nikauliza tena, mpaka wenzake wakaanza kumpigia honi.

"Njoo basi," akasema, "tumalizie njiani."

Hatujamaliza mpaka leo, na tangu siku ile nalala chini chumbani kwake.

Alipochaguliwa kuwa shefu, hom ilikuwa imegawanyika jikoni. Waliotoka Butembo na Beni walipika upande mmoja, wale wa Masisi na Rutshuru wanaosema Kinyarwanda upande mwingine, na kila habari mbaya ya mapigano ilipofika kutoka vijijini, masufuria yalizidi kutengana. Shefu, ambaye mwenyewe ni wa Butembo, hakuhubiri. Alikusanya mbabula zote, yale majiko ya makaa, akazifungia chumbani kwetu, akaacha mbili kubwa tu. Kila moja itumiwe na mtu wa huku pamoja na mtu wa kule. Siku za kwanza watu walikula maharagwe yasiyoiva, kwa hasira. Kisha asubuhi moja nikamsikia kijana wa Masisi akimwambia mwenzake wa Beni: "Ndugu, hiyo sombe ya muhogo unaitwanga kama vile ilikukosea." Yule wa Beni akampa mchi: "Basi twanga wewe, tuone huruma yako." Tangu siku ile kelele za jikoni zikawa kelele za kawaida.

Chuo kikasikia. Tukaambiwa shefu atapewa cheti cha uongozi, Jumamosi mchana, uani kwetu, mbele ya mkuu wa mambo ya wanafunzi na mgeni kutoka serikali ya mji. Wote walishangilia. Mimi usingizi ukanikimbia. Sheria ya hom ilikuwa wazi: shefu akikutwa na makizari, anavuliwa ushefu, na makizari anatoka siku hiyohiyo.

"Jumamosi nitakwenda Kibati," nikamwambia.

"Wapi! Utagawa soda. Mutu anayegawa soda, nani atamuuliza?"

Wanafunzi wenyewe walikubaliana kwamba neno lile lisitajwe. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Neno lililokatazwa hukaa karibu na ulimi.

Mgeni alikuja na walinzi wawili wenye bunduki. Walisimama nyuma, juu ya changarawe nyeusi ya lava, wakitutazama mikono. Nilipita na kreti yangu nikiinamisha kichwa. Mkuu akasema maneno yake, mgeni yake. Ndipo kipaza sauti kikachukuliwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mtoto wa watu, mwenye furaha isiyo na breki.

"Lakini shefu hakuwa peke yake!" akapaza. "Nani alituamsha kila asubuhi kwa zamu ya maji? Makizari wetu! Makizari, simama, batu bakuone!"

Makofi yalianza, yakakatika. Mlinzi mmoja akashusha bunduki begani. Mgeni akamgeukia mkuu, polepole.

"Makizari? Humu ndani?"

Niliweka kreti chini, mikono yangu yote ionekane. Katika mji huu watu wamechukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. Yule wa mwaka wa kwanza alibaki mdomo wazi, na mimi nilimwonea huruma hata katika hofu yangu.

Shefu akasimama. "Mheshimiwa, haiko mutu wa bunduki. Ni mutu wa godoro. Analala kwangu, chini. Ni mimi nilimuleta."

Basi amejimaliza, nikawaza. Mkuu akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Nilidhani ni aibu. Kumbe anacheka. Akamwinamia mgeni, akamweleza kwamba hilo ni neno la wanafunzi, na kwamba yeye mwenyewe, akisoma Kisangani, alilala mwaka mzima chini ya kitanda cha binamu yake. Mgeni akatabasamu. Walinzi walipoona bosi ametabasamu, nao wakatabasamu, na bunduki ikarudi begani.

Cheti kikatolewa. Lakini mkuu alipomshika shefu mkono alikuwa bado karibu na kipaza sauti, na wote tulisikia: "Nilikuwa sijui, na kutokujua kulikuwa kuzuri. Sasa nimejua mbele ya batu. Jumatatu, ofisini kwangu."

Jumapili mbabula ziliwashwa. Yule kijana wa Masisi akajaribu: "Cheti cha uongozi, kazi ya kwanza kufukuza mutu." Hakuna aliyecheka. Nilikunja godoro langu, nikalikunjua, nikalikunja tena. Miguu yangu inajua kuondoka. Ndiyo elimu yake. Lakini nikitoroka, shefu atakwenda kuulizwa habari za mtu aliyekimbia, na mtu aliyekimbia humu mjini ana maana yake.

Kwa hiyo Jumatatu nilimsindikiza. Nikangoja nje ya ofisi, nimeketi juu ya ukuta wa mawe, nikisikiliza sauti ambazo sikuzielewa. Alipotoka, cheti alikuwa nacho bado.

"Amesemaje?"

"Amesema hom haina sentineli, mutu wa kulinda geti."

"Na mimi?"

"Sentineli ni wewe. Kuanzia leo. Jina lako liko ofisini." Akaanza kucheka. "Na kazi yako ya kwanza, amesisitiza, ni kuhakikisha hakuna makizari anayeingia."

"Sentineli analala wapi?"

"Hakuna chumba cha sentineli. Utalala kwangu. Chini."

Nilicheka naye mpaka Majengo. Lakini nilipokabidhiwa ufunguo wa geti, niliacha kucheka. Sijawahi kuwa na mahali ambapo nikiondoka nitatafutwa.

Jioni ileile, jua halijazama, geti likagongwa. Alikuwa kijana mwenye vumbi la njia ya Sake mpaka kwenye nyusi, godoro limefungwa kamba mgongoni. Alisema ana ndugu yake humu ndani, atakaa siku mbili tatu tu. Nyuma yangu watu walitoka jikoni. Nilijua wote wananitazama, na shefu pia.

"Papa sentineli," kijana akasema, "niingie?"

Nilitazama barabara, huku na kule.

"Chumba gani?" nikamuuliza.