Marahaba Haikai Foleni

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno. Karafuu ndizo zilizomtoa Pemba akiwa kijana zikamleta Tanga, na mama anasema hajawahi kumsikia akinyamaza tangu ashuke bandarini. Daktari alipotuambia kwamba ugonjwa wa koo umefika pabaya, na sauti haina budi kuondolewa ili mwenyewe abaki, sisi tulilia. Yeye aliuliza kama atapewa muda wa kuzungumza na watu kidogo. Akapewa wiki kadhaa, na zote alizimaliza akizungumza.

Mimi riziki yangu ni kuandika mifumo endeshi ya vifaa vidogo, yaani ile programu ya chini kabisa inayokaa karibu na chuma. Hakuna anayeiona wala kuisifu. Watu huilaani tu ikigoma. Tuna chumba cha kazi Raskazone, mimi na mwenzangu, Mshambaa aliyekulia Amani kule milimani, Mlutheri anayepanga hata kalamu zake kwa urefu. Tukakubaliana kumtengenezea baba kisanduku cha mkononi chenye vitufe vichache, spika, na sauti yake mwenyewe ndani.

Kila alasiri nikawa namketisha sebuleni arekodi. Nilimwomba majibu mafupi ya salamu, kwa kuwa kumbukumbu ya kisanduku ilikuwa finyu. Akakohoa, akajiweka sawa, akasema, "Alhamdulillahi, sisi hatujambo, sijui nyie huko, watoto wazima, na yule mgonjwa wenu aendeleaje?" Hicho kilikuwa kitufe kimoja. Nilipomwambia afupishe, alishangaa kwamba kuna watu wanaosalimiana bila kumuulizia mgonjwa. Neno lililokuwa fupi kweli lilikuwa marahaba peke yake.

Mwenzangu alitaka majibu yakae foleni: kinachobonyezwa kwanza kisemwe kwanza. Nikamkatalia. Mtoto wa watu amekupa shikamoo, huwezi kumsimamisha barabarani mpaka umalize habari za mgonjwa. Marahaba ipite mbele.

"Foleni ni foleni, dada," akasema.

"Huko kwenu mlimani."

Akacheka, akaandika nilivyotaka. Marahaba ikibonyezwa, jibu lolote linalosubiri lisukumwe mbele kwenye kumbukumbu, nafasi ipatikane mwanzoni, marahaba iingie hapo. Tulijaribu kitufe kimoja kimoja, kwa adabu, kila jibu tukiliacha liishe. Kikafanya kazi vizuri.

Baba alipotoka hospitali na kidonda kikapona, hakutaka kutoka nje. Nyumba yetu ya Makorora ina baraza inayotazama njia, na hapiti mtu bila kusalimu. Kutoitikia shikamoo ni kumdharau mtoto wa mwenzio. Kwa hiyo alikaa ndani nyuma ya pazia, akiwasikiliza wapitao wakiulizana kama yupo. Ukimya wake ningeuzoea. Kumwona amejifungia ndani ndiko kulikonichoma, na kisanduku kile nilikitengeneza kwa ajili hiyo tu, atoke akakae na watu.

Akatoka siku moja baada ya Alasiri, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani. Jirani yetu, mzee Mkatoliki mstaafu wa mashamba ya mkonge, alikuwa ameshafika kumsubiri. Akauliza habari za ndani, hajajibiwa akauliza za usingizi, na baba akawa anabonyeza moja juu ya jingine. Kisanduku kikajibu kwa sauti yake, na jirani akapiga paja kwa furaha. Jibu la pili likiwa bado linasubiri, wakapita watoto wa shule na shikamoo zao. Baba akabonyeza marahaba. Ikatoka safi, kisha ikafuata: "Alhamdulilla, Alhamdulilla, Alhamdulilla," bila kwenda mbele, mpaka muda wa lile jibu refu ukaisha.

"Yakhe," jirani akasema, "leo waleta dhikri barazani?"

Tulicheka sote. Hata mabega ya baba yalitikisika. Lakini baadaye alikitia kisanduku mfukoni, akaingia ndani, na kesho yake pazia likabaki limefungwa.

Nikakirudisha kisanduku kazini. Mwenzangu alisema ni spika. Nikamwekea ile kelele tena na tena, hadi nikagundua kwamba kile kipande kinachojirudia kilikuwa na urefu uleule wa marahaba. Hapo nikajua spika haina kosa. Tulikuwa tunalisukuma jibu refu mbele kidogo tu, kiasi cha kuipisha marahaba, kwa hiyo mahali lilipokuwa na mahali lilipokwenda palilaliana. Na programu ilikuwa inanakili kuanzia mwanzo.

Ni kama watu waliobanana jamvini, mgeni akafika mlangoni. Ukimwambia aliyeketi karibu na mlango asogee kwanza, atamkalia jirani yake. Anayetakiwa kuanza ni yule wa mwisho kabisa, mwenye nafasi tupu pembeni. Tofauti ni kwamba baiti, yaani kile kichembe kimoja cha sauti kwenye kumbukumbu, ikikaliwa hailalamiki. Inafutika, na ile iliyoikalia ndiyo inayonakiliwa tena mbele, na tena, na tena. Kompyuta kubwa ingeweza kuwahamishia wote chumba cha pili kwanza. Sisi chumba cha pili hatukuwa nacho, kumbukumbu yote alikuwa ameimaliza baba na wagonjwa wake.

Mwenzangu akarekebisha: sasa daima tunaanzia nyuma. Marahaba ikapita salama. Lakini jibu moja likishasemwa, yaliyobaki hurudishwa nyuma kuziba pengo, na safari hiyo mwendo wa kuanzia mwisho ukawa ndio mbaya. Kisanduku kikatulia kwenye "aendeleaje, aendeleaje, aendeleaje." Nikamwambia mgonjwa huyo sasa atakufa kwa kuulizwa.

Dawa yake ni kuuliza kabla ya kuinua baiti hata moja: tunaelekea wapi? Kama pa kwenda pako mbele na panalaliana na tulipo, anza mwisho. Vinginevyo anza mwanzo. Ni mistari michache, na mwenzangu aliijua tangu chuoni. Aliiacha kwa sababu aliamini kwamba mtu hubonyeza jibu baada ya swali kuisha, na foleni itakuwa tupu wakati wote. Hakuwahi kukaa baraza ya Makorora. Safari hii tulijaribu kisanduku kwa kusalimiana wote wawili kwa pamoja, bila kupumua, tukibonyeza ovyo, na hakikukosea.

Baba hakukiamini. Mama ndiye aliyemtoa, kwa kumwambia kwamba sebule yake inataka kufagiwa.

Siku hiyo bajaji iliniteremsha kwenye kona, nikawakuta barazani. Jirani aliuliza mambo mengi kwa mkupuo kama kawaida yake, watoto wakapita, kila mmoja akapata marahaba yake, na mgonjwa akaulizwa hali mara moja tu. Nilisimama pembeni nikisikiliza kifundi, nikivizia kosa. Kisha nikasogea na kumwamkia, kama nilivyomwamkia kila siku tangu atoke hospitali, naye akinijibu kwa kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Neno lile nilikuwa nimelisikia kazini mpaka limenichosha. Nimelikata, nimelipima, nimelisukuma huku na huku. Hakuna siku hata moja lilipokuwa linaniitikia mimi. Nilishindwa kupanda ngazi ya baraza.

Nikamwamkia tena. Baba akakigeuza kisanduku, akakikagua, akidhani kimekorofisha tena. Kisha akaniangalia usoni, akaelewa, akabonyeza taratibu.